Picha Ni Safi, Mkono Unauma

12 Januari

Mdogo wangu Kasuku,

Hujambo? Nakuuliza kwa dhati, kwa hiyo usinirudishie "sijambo" ya haraka kama ile unayompa jirani mkipishana mlangoni. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, analalamika vizuri, na bado anadai mimi ndiye ninayemfichia miwani. Karakana imejaa makochi ya watu mpaka naifikia meza yangu ya kukatia vitambaa kwa kuruka marundo ya sponji.

Sasa nieleze. Tangu kabla ya mwaka mpya hupokei simu ya video. Nikipiga mchana unakata, halafu unaniandikia: "Niko kazini." Nikipiga jioni: "Mtandao mbaya." Nikipiga siku yako ya mapumziko: "Naoga." Mtu gani anaoga kutwa nzima? Mimi ni kiziwi, mdogo wangu, si mjinga. Ile simu ndiyo sauti yangu kwako. Ukiifunga, umenifungia mlango.

Kuna la pili. Kila jioni nakutazama kwenye taarifa ya habari. Watu wengine wanamtazama msomaji. Mimi nakutazama wewe kwenye kidirisha chako cha kona, unavyotafsiri kwa alama. Juzi mikono yako ilikuwa chini, karibu na tumbo, kama mtu anayehesabu chenji asionekane. Na alama zinazotaka mkono wa kulia upinde, ulizizunguka ukatafuta nyingine. Wengine hawataona. Mimi ndiye niliyekufundisha kuzungumza kwa mikono kabla hujaota meno, kwa hiyo nimeona.

Basi nimeshika kalamu. Dereva wa lori linaloniletea vitambaa kutoka huko mjini amekubali kubeba barua zetu. Andika kwa kirefu. Kwenye simu unanidanganya kwa kidole gumba tu; kwenye karatasi utaona haya.

Dada yako


21 Januari

Shikamoo Dada,

Barua nimeipata, na haya nimeziona, kama ulivyopanga. Nafurahi kusikia Mama analalamika vizuri. Mimi nimeandika "mzima" mara mbili nikafuta, kwa hiyo nianze na ukweli.

Ni kifundo cha mkono wa kulia. Kilianza kunisumbua mwaka jana, nikadhani nimekilalia. Hakikupoa. Maumivu yako katikati, upande wa juu, kama kuna kokoto imeingia kwenye kiungo na haipati njia ya kutoka. Nikigeuza ufunguo, inasaga. Nikiegemea meza ninyanyuke, inasaga. Sufuria nainua kwa mikono miwili kama mtoto, nywele nachana kwa kushoto, ndiyo maana huko kwenye runinga nimeanza kuvaa kilemba. Simu yako sikuipokea kwa sababu nilijua nikiinua tu mikono utajua kabla sijamaliza salamu.

Nimeshakwenda kwa daktari, usinigombeze. Mwezi wa kumi na moja nilikwenda zahanati wakanipiga eksirei. Daktari akaishika juu ya taa, akatabasamu. "Picha ni safi," akasema.

Nikamwambia, "Lakini unauma, daktari."

"Ndiyo. Lakini picha ni safi."

Tukabaki tunatazamana, kila mtu na ukweli wake. Akanipa vidonge na mkanda wa kufunga, akaniambia niupumzishe mkono. Nikamwuliza niupumzishe vipi, maana asubuhi niko hospitalini natafsiri kwa wagonjwa viziwi, mchana naitwa mahakamani, jioni taarifa ya habari. Huu mkono ndio mdomo ninaolia ugali nao. Akasema basi nijitahidi.

Nimejitahidi. Sasa nimepata rufaa kwa bingwa wa mifupa. Naamini yeye ataona. Usimwambie Mama.

Mdogo wako


1 Februari

Kasuku wangu,

Pole. Na uupe pole huo mkono wenyewe. Mama nimeshamwambia, kwa sababu alinikuta nasoma barua nikiwa nimekunja uso, na wewe unajua kumnyima Mama habari ni kazi ya watu watatu. Anasema unaulalia. Kwa Mama magonjwa yote yanatokana na kulala vibaya, ukiondoa yale ya kula vibaya.

Mimi nina neno moja tu. Ukifika kwa huyo bingwa, usiwe mstaarabu. Nakujua. Umezoea kuyasema maneno ya watu wote, wenye hasira kwa hasira yao na wenye kilio kwa kilio chao, ila yako unayanong'ona. Atakuuliza "Vipi?" nawe utasema "Unauma kidogo." Usiseme kidogo! Mwambie habari za sufuria. Mwambie habari za kilemba.

Na mwambie mkubwa wako wa kituo cha runinga akutafutie wa kupokezana naye. Mimi mkasi wangu ukianza kutafuna kitambaa naupeleka kunolewa siku hiyohiyo. Siusubiri uharibu kochi la mtu.

Andika ukitoka kwake.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Natumai hamjambo, na samahani kwa ukimya. Nilijiambia nitaandika nikipata jibu. Sasa naandika bila jibu, la sivyo ningekaa kimya mpaka uzee.

Bingwa wa mifupa hakunigusa. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, nikaingia, akaiweka ileile picha ya mwezi wa kumi na moja kwenye taa, akasema, "Sioni kitu." Nikamwambia habari za sufuria, Dada, nakuapia. Nikamwambia na habari za kilemba. Nikamwomba picha mpya, akasema, "Picha ipo." Akanidunga sindano kwenye kifundo. Nilipata nafuu ya siku chache, nikaimba jikoni, halafu kokoto ikarudi na wenzake.

Akanituma kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Huyo alinipitisha umeme mkononi, vidole vikacheza vyenyewe. Mishipa ni mizima. Akanituma kwa wa baridi yabisi. Huyo alichukua damu. Damu ni nzuri. Kila chumba ninachoingia napewa habari njema. Sidhani kama kuna mtu mji huu mwenye habari njema nyingi kuliko mimi, na kifuniko cha chupa ya maji siwezi kufungua.

Huyu wa mwisho ndiye aliyenimaliza. Aliweka kalamu chini, akainamisha kichwa upande, akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Kama nalala. Nikasema nikiugeukia mkono huu naamka. Kama kazini kuna mambo. Nikasema kazini kokote kuna mambo. Akasema, "Wakati mwingine, dada yangu, mwili husema yale ambayo moyo umeyaficha," akaniandikia dawa ya usingizi.

Ajabu ni kwamba chumba kile nakijua. Mwaka jana nilikaa humohumo, kiti cha pembeni, namtafsiria mzee kiziwi mwenye maumivu ya goti. Daktari ni huyuhuyu. Mzee alikunja uso, nami nikamsemea, na daktari akapiga magoti chini kabisa akamshika lile goti kwa mikono yake miwili. Maumivu ya mzee yalipita mdomoni mwangu yakaaminiwa. Yangu mwenyewe yanapita mdomo uleule, yanaambiwa yakalale.

Situlii, Dada. Nakaa nasimama. Naubonyeza kuona kama bado unauma, nikikuta unauma nakasirika, nikikuta umetulia naogopa nilikuwa najidanganya, naubonyeza tena kwa nguvu. Mtu akinipa mkono kunisalimia namtolea wa kushoto, anaona namdharau.

Mdogo wako


22 Machi

Kasuku wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na Mama anakuombea kwa sauti kubwa. Sisikii, ila naona midomo na naona jinsi jirani anavyofunga dirisha.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Nataka kusema jambo, na unielewe vizuri. Unakumbuka ile kesi ya mwaka juzi, ya yule mama kiziwi aliyepigwa na mumewe? Ulitafsiri ushahidi wake wote. Uliniambia baadaye kwamba kila alama ya kipigo aliyoonyesha uliisema wewe kwa kinywa chako, "alinipiga hapa, alinipiga hapa," na ukafika nyumbani ukakaa kwenye sakafu ya jiko. Kazi yako ni kubeba maneno ya watu, na mengine ni mazito kuliko kochi la watu watatu.

Sasa mimi najiuliza. Labda huyo daktari wa mwisho hakukosea sana. Madaktari wanne, vipimo vyote, hakuna kitu. Labda mkono umechoka kusema mambo ya watu, na njia pekee ya kukuambia ni hiyo. Sisemi unajifanya. Nasema labda ukiacha kuusaka ugonjwa, wenyewe utachoka uondoke. Njoo nyumbani. Utakaa karakanani unichagulie vifungo, hutafsiri neno la mtu, Mama akulishe. Mwezi mmoja tu.

Nijibu.

Dada yako


29 Aprili

Kasuku,

Hujambo huko? Dereva amerudi mikono mitupu, akaenda, akarudi mikono mitupu tena. Mara ya mwisho aliniandikia kwenye vumbi la mlango wa lori, "Amesema hakuna jibu," halafu akanitazama kwa huruma kama anayemtazama mtu aliyeachwa na mchumba.

Na kwenye kidirisha cha kona kuna mwanamke mwingine. Mwanzo nilidhani uko likizo. Sasa ni muda. Anatafsiri kama mtu anayekanda unga: nguvu nyingi, maana kidogo. Jana alisema bei ya mafuta imeolewa. Viziwi wote wa huku wananiuliza, "Mdogo wako yuko wapi?" Nawaambia anaoga.

Umefukuzwa? Unaumwa? Umenikasirikia? Chagua moja uniandikie, hata mstari mmoja. Usipoandika nafunga karakana nakuja.

Dada yako


4 Mei

Dada,

Nisalimie Mama. Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza yalitoka maneno ambayo mtu hamwandikii dada yake.

Sikufukuzwa. Niliondoka mwenyewe. Siku ile ya mafuriko, na naomba iwe hukuwa unatazama, msomaji alikuwa anataja mitaa inayotakiwa kuhama usiku uleule, mmoja baada ya mwingine, haraka, na majina ya mitaa yanataka vidole, herufi kwa herufi. Katikati ya orodha mkono ukafunga. Vidole havikufunguka. Niliinua wa kushoto, ila msomaji alikuwa ameshapita, na mtaa mmoja sikuutaja. Dada, kuna viziwi wanaoishi mtaa ule. Mwenzangu aliurudia kwenye taarifa iliyofuata na hakuna aliyedhurika, watu wote wamenihakikishia, wamenipigapiga bega. Mimi nilikaa kwenye chumba cha vipodozi nikaona mtu mmoja yuko kwenye kiti chake anatazama kona ya runinga, ananisubiri mimi nimwambie, na mimi sikumwambia. Kesho yake nikaandika barua ya kuacha.

Na barua yako ya "labda" nilikuwa nayo kwenye mkoba siku hiyo.

Daktari akiniambia ni mawazo, naudhika, natoka, napanda basi. Ukisema wewe, naanza kuamini. Wewe uliyeona mkono umeshuka karibu na tumbo kabla sijamwambia mtu! Wewe ndiye shahidi wangu pekee, ukabadilisha ushahidi.

Nimepewa miadi nyingine hospitali kubwa, mwisho wa mwezi. Naenda kwa sababu imeshaandikwa, si kwa sababu nina tumaini. Usije. Sina mkono wa kuzungumza nawe.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja tu, na abiria wote walishuka kulishauri. Mama amenikagua kama mzigo, ameridhika.

Uliniambia nisije nikaja. Ulinifungulia kwa mkono wa kushoto, na uso wa mtu aliyemeza ndimu na mbegu zake. Niliomba msamaha pale mlangoni kabla sijashusha begi, lakini naurudia hapa upate kuwa nao kwenye karatasi: nilikosea. Nilichoka kuona unateseka nikatafuta jibu la karibu. Wale madaktari nao walifanya hivyohivyo.

Sasa, hospitali. Nataka kuandika nilivyoona mimi, kwa sababu mimi sisikii na kwa hiyo naona.

Yule bingwa wako wa zamani hakuwepo, na badala yake alikuwepo yule mama mrefu mwenye viatu vya mpira, daktari wa mikono. Nikakuambia, "Mwulize kama faili linaonyesha kuna daktari amewahi kuushika huo mkono." Hukutaka. Nikagonga meza. Ukauliza. Akaanza kunijibu mimi, nawe ukatafsiri, na nikaona anatazama mikono yako badala ya uso wangu. Kwanza niliudhika, hayo ndiyo mazoea ya watu, wanamkodolea mkalimani kana kwamba kiziwi ni pazia. Halafu nikagundua hatazami alama. Anatazama kifundo. Mdomo wake ukawa unasema tu, polepole, nadhani chochote kile, mradi wewe uendelee. Kila mkono ulipotakiwa kupinda kwa nyuma, uliinua bega badala yake. Akavuta kiti, akauchukua mkono wako akauweka juu ya goti lake, akatembeza kidole gumba kama fundi anayetafuta msumari chini ya kitambaa. Alipofika katikati, uliruka mpaka kiti kikasogea. Na yeye hakushangaa. Aliitikia kwa kichwa.

Nilikuona ukilia. Najua hukulia kwa kuumia.

Kisha kile kipimo cha mashine kubwa, MRI, na kusubiri, na siku ya majibu. Hapo ndipo nina neno nawe. Siku ile mdomo wa daktari ulitembea kwa muda mrefu sana. Alikunja ngumi akaibonyeza kwa kidole cha mkono mwingine, ikalegea. Alionyesha kifundo kisichopinda, kimenyooka kama ubao. Aliuliza kitu akakusubiri, nawe ukatazama sakafu. Ukanigeukia ukanitafsiria: "Ni mfupa mdogo. Kuna operesheni. Nitapona polepole."

Kasuku, mtu hatembezi mdomo hivyo kwa maneno machache namna hiyo. Kazi yako inakukataza kupunguza neno la mtu hata moja. Niandikie alichosema, chote.

Dada yako


17 Juni

Shikamoo Dada,

Nashukuru umefika. Msamaha wako niliupokea palepale mlangoni, ila nilikuwa sijui niweke wapi uso.

Alichosema daktari ni hiki. Kwenye kifundo kuna vifupa vidogo vingi vimepangana kama mawe ya kusakafia. Kimoja, kile cha katikati, kimekosa damu. Kinakufa. Mwanzoni eksirei haionyeshi kitu, kwa hiyo ile picha ya mwezi wa kumi na moja kweli ilikuwa safi. Ingerudiwa mwezi wa pili, nilipoomba, labda ingeonyesha kivuli. Sasa kinaonekana hata bila mashine kubwa, na kimeanza kubonyea. Ile ngumi uliyoiona ndiyo mfupa wangu.

Anaweza kufupisha kidogo mfupa mmoja wa mkono, huku juu, aufunge kwa bamba na skrubu, ili kile kidogo kisikandamizwe tena. Huenda kikapumua. Huenda kisipumue. Kikiendelea kuporomoka, kitakachobaki ni kukifunga kifundo chote kisipinde tena maishani. Maumivu yataisha, na mkono utakuwa ule ubao ulioona. Nikikaa bila kufanya lolote, utaporomoka vilevile, taratibu, huku ukiniuma.

Swali aliloniuliza lilikuwa: "Kati ya mkono usiouma na mkono unaopinda, ukilazimika kuchagua, ungechagua upi?" Nikatazama sakafu.

Sikukutafsiria kwa sababu ningetafsiri vipi, Dada? Ningekuonyesha kwa mkono uleule kwamba huenda mkono huu usizungumze nawe tena vizuri? Nilijaribu kuanza. Haukuinuka. Na safari hii haukuwa mfupa.

Kitu kimoja kingine. Nilitoka pale naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nikiwa kwenye korido, nyuma yako, nikacheka. Mhudumu alinitazama. Nilikuwa na ugonjwa! Una jina, una picha, uko pale kwenye kioo, mfupa mmoja mweusi kati ya wenzake weupe. Nilitaka kurudi kwa yule wa dawa ya usingizi nimpigie mlango nimwonyeshe. Halafu nikakumbuka nimefurahia nini, nikakaa chini.

Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Siwezi kukaa mahali pamoja. Jana nimepanga kabati la vyombo, nikalipangua, nikalipanga tena.

Mdogo wako


21 Juni

Kasuku wangu,

Nimelia, nimegombana na mteja, nimekata kitambaa cha watu kinyumenyume. Sasa naweza kuandika.

Nitakuambia kilichonijia kwanza, na si kizuri. Sikukufikiria wewe. Nilijifikiria mimi: nitazungumza na nani? Mama alama zake ni za jikoni tu, "kula", "funga", "umechelewa". Viziwi wenzangu nakutana nao mara mojamoja, na wengine wote wananiandikia kwenye mikono ya makochi kwa chaki. Wewe ndiye mtu pekee ambaye nikifanya mzaha anacheka kabla sijashusha mkono. Basi nikakaa na hofu yangu yote, na baadaye, ikiwa imechoka kidogo, nikaanza kuifikiria yako.

Siwezi kukuchagulia. Ningekuwa mimi ningefupisha huo mfupa kesho asubuhi, lakini mimi ni mtu wa kufungua kochi kwanza na kufikiri baadaye. Ninachoweza ni hiki. Siku utakayorudi kwa daktari nitakuwepo, na hutanitafsiria. Nimeshamwandikia yule mkanda unga wa runinga. Nilimwomba aje atafsiri yeye, na amekubali kabla sijamaliza kumsifu kwa uongo. Daktari ataongea, yeye atanitafsiria, neno kwa neno, hata akisema mfupa umeolewa. Wewe utakaa kwenye kiti cha mgonjwa, mikono mapajani, na kazi yako itakuwa kuuliza unachotaka na kuogopa kadiri unavyotaka.

Mama anasema anakuja pia. Nimemkatalia. Anatafuta viatu.

Dada yako


2 Septemba

Dada, na Mama,

Salamu kutoka kwa mkono wa kushoto. Samahani kwa mwandiko. Ukiuona kama kuku amepita na matope, basi umeusoma vizuri.

Plasta ya operesheni imetolewa. Chini yake nilikuta mkono wa mtu mwingine, mwembamba, wenye magamba, na kovu refu lililonyooka ambalo wewe fundi ungelisifu. Bamba na skrubu ziko ndani. Nikipita mlango wenye hewa ya baridi nazisikia, au najifanya nazisikia. Maumivu yapo, ila ni mengine, ya kitu kilichokatwa kinachojiunga. Kokoto sijui. Siku nyingine nadhani haipo, halafu naitafuta, halafu sijui kama nimeipata au nimeitengeneza.

Picha mpya inaonyesha mfupa haujaporomoka zaidi. Daktari hakusema umepona. Alisema umesimama. Nilimwuliza tena ni kwa nini mimi, kwa nini mfupa huu, ni kazi, nilianguka utotoni, nilikula nini. Akasema, "Sijui. Hakuna anayejua vizuri." Nikasubiri hasira ije, haikuja. Wale wengine nao hawakujua. Yeye ndiye wa kwanza kulisema.

Kazi nimerudia nusu. Hospitalini wananipa wagonjwa viziwi wanaoeleza, mimi nasema kwa mdomo; daktari akijibu, mkanda unga anatafsiri kwa alama. Tumekuwa jozi. Nimemrekebisha ile alama ya kupanda, bei haziolewi tena. Mimi nikijaribu alama kwa mkono mmoja wagonjwa wanacheka, wanasema nazungumza kama mlevi anayetafuta kitasa. Runinga wamenipigia. Nimewaambia wasubiri, nao wamesema watasubiri, kwa ile sauti ya watu wasiosubiri.

Mazoezi ya kifundo nafanya asubuhi na jioni. Unapinda kidogo. Kila siku naupima kwa kuulinganisha na ukingo wa meza, na kila siku naona ni uleule, au umeongezeka, au umepungua. Nimechoka kuutazama, Dada. Naomba nije nyumbani.

Mdogo wako


6 Desemba

Mdogo wangu,

Natumai umefika salama na ile mito miwili niliyokushonea haikuibwa kwenye basi. Sisi wazima. Nyumba ni kubwa tangu uondoke, na Mama amepika chakula cha watu watatu kwa mazoea, nimekula cha wawili.

Najua ulikuwa unasononeka kwa sababu tulizungumza polepole. Uliomba radhi kila mara, ukaangalia kifundo, ukasema "ngoja," ukarudia alama kwa kushoto. Mama alikuwa anakuambia pumzika na mimi nilikuwa namwambia Mama akuache. Kweli mkono haujarudi. Baadhi ya maneno yako nilikuwa nayakisia, na mara moja nilikuletea nyundo ulipoomba chumvi. Huenda ukarudi, huenda tukazoea hivyo. Bado tutakuwa tunakwenda kwa yule mama mrefu, na atakuwa anaweka picha kwenye taa, nasi tutakuwa tumeshika pumzi.

Lakini kuna kitu niliona, na sikukuambia hapohapo, kwa sababu ungeanza kukichunguza.

Basi lilipoanza kuondoka ulikuwa dirishani, upande wetu. Mama alikuwa amekasirika kwa sababu ulisahau mfuko wa karanga, anakimbia pembeni ya basi na kiatu kimoja, kile kingine ameshakiacha njiani, na abiria wote wamesimama kutazama. Ulicheka mpaka ukaegemea kioo. Halafu ukafungua dirisha, ukatoa mkono nje, ukaniambia: "Mshike huyo bibi kabla hajaingia kwenye taarifa ya habari!"

Yote hayo, kwa haraka, kwa mkono wa kulia. Na hukuutazama.

Dada yako